Kuandaa siku ya macho Lubumbashi kwa utaratibu wa Daktari Venkataswamy

Govindappa Venkataswamy alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Vadamalapuram, Tamil Nadu, kusini mwa India. Alisomea uganga Madras na kutumikia jeshini. Alitaka kuzalisha akina mama, lakini baridi yabisi ilimpinda vidole akiwa bado kijana, akageukia macho. Alijifunza upya kushika kisu kwa vidole vilevile, na hadi anafariki mwaka 2006 alikuwa amepasua macho zaidi ya 100,000. Mwaka 1976, alipostaafu kazi ya serikali, alifungua hospitali ya Aravind mjini Madurai katika nyumba yenye vitanda 11. Kutoka hapo zimezaliwa hospitali nyingi, kiwanda cha lenzi bandia za kuwekwa ndani ya jicho kilichoanza mwaka 1992, na mafunzo ya miaka 2 kwa wasichana wa vijijini, ambao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi humo.

Kwa parokia, msikiti au umoja wa wafanyabiashara wa Katuba au Ruashi, Lubumbashi, unaotaka kuwasaidia vipofu wa kartie (mtaa), somo kubwa la maisha yake liko kwenye kambi za vijijini, yaani siku za kupima macho ya watu huko kwao. Aravind iligundua kwamba wagonjwa wengi walioambiwa wana mtoto wa jicho (ukungu ndani ya lenzi ya jicho) hawakuja kupasuliwa hata pale upasuaji ulipokuwa bure. Hawakuwa na nauli, hawakuwa na chakula cha siku za hospitali, hawakuwa na wa kuwasindikiza, na waliogopa. Ikaamuliwa mgonjwa abebwe siku ileile, alishwe, alazwe, arudishwe kwao. Na kambini hapasuliwi mtu: pale ni kupima na kuchagua tu. Chumba cha darasa hakisafishiki kama chumba cha upasuaji, na kijidudu kikiingia ndani ya jicho, jicho linaweza kupotea kabisa.

Basi anzeni na vitanda, tangazo lije baadaye. Ulizeni hospitali yenye mpasuaji wa macho: wiki ya siku yetu ya macho mnaweza kupasua wangapi, na lenzi zipo ngapi? Wakijibu 12, msiwape familia 40 matumaini. Kisha gawaneni kazi kwa maandishi, kama ilivyo kwenye kambi za Aravind: wenyeji hubeba mahali, matangazo na chakula, hospitali huleta wapimaji, vifaa na dawa. Barua kwa mganga mkuu wa zoni ya afya na kwa bugumesta (mkuu) wa komini ziende mwezi mmoja kabla.

Siku nzuri ni Jumatano. Mgonjwa hupimwa Jumatano, hupasuliwa Alhamisi, huangaliwa Ijumaa, hurudi nyumbani. Jumamosi huleta watu wengi, lakini wagonjwa watakaa hadi Jumatatu wakila bila kutibiwa, na wengine watatoroka. Kwa majira, chagueni Juni au Julai: barabara za kartie ni kavu, na vumbi kali la mwisho wa kiangazi bado halijajaza foleni kwa macho yanayowasha.

Asiyeona hasomi bango. Watumeni mareko (wahudumu wa afya wa kujitolea wa kartie) nyumba kwa nyumba na swali moja: humu kuna mzee anayeshikwa mkono kwenda chooni? Radio na matangazo ya kanisani yasaidie, hasa kusema kwamba kila mgonjwa aje na mtu mzima wa familia yake.

Kwa watu 150 panga watu 2 wa kuandika na 3 wa kupima uwezo wa kuona. Kila mtu huchukua kama dakika 3, kwa hiyo mbao tatu za kupimia zitawamaliza kwa saa mbili na nusu hivi. Andikeni jina, umri, avenyi na namba ya nyumba, simu ya mgonjwa na simu ya jirani. Ile ya jirani ndiyo itakayowaokoa baada ya wiki sita, mtakapowaita kupimwa tena.

Ubao uwe wa herufi E zinazogeuka pande nne, ili asiyesoma aonyeshe kwa mkono. Utundikwe penye mwanga wa kutosha, usawa wa macho. Fungeni kamba ya mita 6 kati ya ubao na kiti; kukadiria kwa hatua huharibu vipimo vyote. Pima jicho moja moja. Lingine lifunikwe kwa kiganja bila kulibana, maana jicho lililobanwa litaona ukungu zamu yake ikifika. Mtu asiyeona herufi ya juu kabisa akiwa mita 6 yuko chini ya 6/60, yaani kwa mita 6 haoni kile ambacho jicho zima huona kwa mita 60. Msogezee vidole: akivihesabu kwa mita 3 ni 3/60. Asipoweza hata hapo, angalieni kama anaona mkono ukipita, kisha kama anaona mwanga wa tochi.

Yeyote aliye chini ya 6/18 arudie kupitia kikadi cheusi chenye tundu la milimita 1 hivi. Akiona vizuri zaidi, huenda anahitaji miwani, na hapo mmeshapunguza foleni ya daktari. Waliopita miaka 40 wanaolalamikia kusoma Biblia au kutia uzi kwenye sindano, wapimeni kwa sentimita 40 na miwani ya kusomea ya +1.00 hadi +3.00.

Baada ya hapo ni kazi ya muganga wa macho. Atatazama kama mboni imekuwa nyeupe na kama inajikunja kwa mwanga. Jicho lisiloona mwanga kabisa halirudishwi kwa upasuaji, na familia iambiwe wazi. Atabonyeza kona ya ndani ya jicho, karibu na pua: usaha ukitoka, upasuaji unasubiri hadi mfereji wa machozi utibiwe. Presha ya damu na sukari hupimwa hapohapo, maana presha iliyopanda sana ikigunduliwa mezani asubuhi, nafasi imepotea.

Wengine hawasubiri Alhamisi. Mtoto mwenye mboni nyeupe, kichanga mwenye usaha machoni, jicho jekundu lenye maumivu na lisiloona, jicho lililotobolewa: hao wapelekwe hospitali saa ileile. Mwambieni kila mtu pia aache kutia majani au mkojo kwenye jicho. Yanakwaruza na kuozesha kioo cha mbele.

Mahali wagonjwa wanapopotea ni kati ya kiti cha muganga na mlango wa gari. Mzee amekubali, lakini mwanaye anayeshika pesa hayupo, au mama anauliza nani atapikia wajukuu. Wekeni hapo mtu wa kartie aliyepasuliwa zamani, azungumze nao kwa utulivu, na simu yenye kredi ya kumpigia mwenye neno la mwisho nyumbani. Hiace iwe imeshalipwa na inangoja. Ukisema «njoo mwenyewe kesho», wengi hawatafika.

Kuhusu malipo, Aravind haimdai mtu cheti cha umaskini. Mgonjwa mwenyewe huchagua upande wa kulipa au wa bure, na fedha za wanaolipa hubeba wasiolipa. Kwenye siku yenu wekeni sanduku lililofungwa, bila daftari la majina pembeni.

Bandeji hutoka kesho yake. Mgonjwa aende nyumbani na chupa za dawa za wiki 4 hadi 6, na msindikizaji aonyeshwe kutia tone mbele ya nesi. Asisugue jicho. Maumivu yakiongezeka, au kuona kukipungua, arudi siku hiyohiyo, hata usiku.

Baada ya wiki 6 mpimeni tena kwa kamba ileile na ubao uleule. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1998 kwamba angalau 80% ya macho yaliyopasuliwa yafikie 6/18 kwa miwani mgonjwa aliyo nayo, na chini ya 5% yabaki chini ya 6/60. Mkiwa nje ya hapo, kaeni na mpasuaji mpitie kadi moja moja: lenzi haikupimwa sawasawa, miwani haikutolewa, au jicho lilikuwa na ugonjwa mwingine nyuma. Ambao jicho la pili lina ukungu, waandikieni tarehe yake kabla hawajaondoka.