Somo: Siki inavyopenya utando wa seli, kwa petali na vikombe vitatu

Andaa petali za buluu au zambarau, siki ya asilimia 5, asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M, magadi ya kupikia, karatasi za pH, bomba la sindano la ml 20 na maji ya mvua. Walioko Kigoma mjini na Ujiji, hapo kwenye maji ya mvua msipuuze; maji ya ziwa yanaharibu jaribio, sababu iko kwenye maswali hapa chini.

1. Ponda petali moja ndani ya siki. Isipogeuka pinki, tafuta ua jingine.

2. Kikombe A: siki ml 10, jaza maji hadi ml 100. B: haidrokloriki ml 1.2, nayo hadi ml 100. Vyote visome pH karibu 2.9. C: tengeneza kama A, kisha nyunyiza magadi kidogo kidogo, takriban gramu 0.7, mpaka pH ifike 7. Litimasi haifai, haitofautishi 3 na 5.

3. Kata vipande vya mm 5. Vina hewa ndani, vitaelea tu. Vitie kwenye bomba la sindano pamoja na maji, ziba ncha kwa kidole, vuta, achia. Rudia hadi vizame. Sabuni usiguse, inaharibu utando.

4. Weka vipande 5 kila kikombe. Angalia katikati; seli za ukingoni zimeshakatwa, zinageuka upesi hata ndani ya B.

A hugeuka mapema, B huchelewa, C hubaki ilivyo. Katika pH 2.9, zaidi ya asilimia 98 ya asidi ya asetiki, yaani asidi ya siki, ni molekuli nzima isiyo na chaji, nayo hupita kwenye mafuta ya utando. Ikishaingia huachia H⁺ (ioni ya haidrojeni), na rangi iliyomo kwenye vakuoli, mfuko wa maji ndani ya seli, hugeuka. Haidrokloriki ya B imeshagawanyika yote kuwa ioni zenye chaji, ndiyo maana huchelewa. Katika pH 7, molekuli nzima hazifiki hata asilimia 1. Zilizobaki ni asetati yenye chaji, inagonga mwamba.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nilitumia maji ya ziwa, B haikugeuka kabisa. Si ndiyo jibu sahihi?*

Marahaba. Jibu ni sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Maji ya Tanganyika yana pH karibu 9 na bikabonati inayomeza asidi yote ya B. A ina asidi nyingi, kwa hiyo bado inageuka. Pima pH ya B, utaona.

*B yangu imegeuka baadaye. Nimekosea?*

Hapana, seli zinakufa. Chovya kipande kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika moja, kisha kitie B: utando ukishaharibika, hakuna cha kuizuia asidi.

*Kama ioni haipiti, msuli unatoaje laktati, ioni ya asidi ya laktiki?*

Kwa protini. MCT1, protini ya kubebea iliyo kwenye utando, hubeba laktati moja pamoja na H⁺ moja, kuingia au kutoka, kutegemea upande upi una nyingi zaidi. Mizizi ya maharage nayo hutoa sitrati, ioni ya asidi ya sitriki, kwa protini zake, hasa udongo wenye asidi unapoachia alumini.