Kushusha kwa kamba mwembe mkubwa uliokauka karibu na nyumba

Mwembe uliokauka huku umeinamia paa la bati hauangushwi mzima. Hukatwa vipande kuanzia juu, na kila kipande hufungwa kamba kabla ya msumeno kukigusa. Hii ni kazi ya fundi aliyezoea kupanda miti, lakini mwenye nyumba naye anapaswa kuielewa, kwa kuwa ndiye anayeamua nani apande.

Ukaguzi huanzia chini. Gonga shina kwa nyundo pande zote, kuanzia mizizini hadi mkono unapofika, na pale linapotoa mlio wa ngoma ujue ndani ni tupu. Fukua udongo kidogo uone kama mchwa wamekula mizizi au uyoga umeota kwenye kitako. Kisha kaa kimya mchana uyatazame mashimo ya juu, kwa sababu nyuki hupenda kukaa ndani ya miti ya namna hii, na mtu aliyefungwa mkanda mita kumi juu ya ardhi hana pa kuwakimbilia. Nyaya za umeme zikipita karibu, TANESCO au Kenya Power waje wakate umeme kwanza.

Ikiwa kitako kimeoza, asipande mtu yeyote, hata akisema ameshapanda mingine mibovu zaidi. Hapo kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba ya mzigo, hufungwa kwenye mti hai ulio jirani, ikiwa una nguvu ya kutosha na fundi anaweza kufanya kazi kutokea huko. La sivyo, hukodishwa kreni.

Shina likiwa bado imara, fundi hujifunga kwa kamba yake mwenyewe, mbali kabisa na kamba ya mzigo, na huambua gamba lililolegea mahali atakapofunga kapi, maana gamba la mti mkavu huchomoka kama soksi na kuteleza pamoja na kitanzi. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 1 huweza kuwa na kilo 45 hivi. Kipenyo kikifika sentimita 60, kwa urefu uleule, uzito huwa mara nne. Zaidi ya hayo, kapi hubeba mzigo pamoja na mvuto wa kamba iliyoshikwa chini, hivyo kilo 45 zilizoning'inia tuli huliletea tawi lililofungwa kapi karibu kilo 90. Kipande kikidondoka kabla kamba haijakaza, mshtuko wake huzidisha namba hizo mara kadhaa, na mshtuko huo ndio unaovunja miti mikavu. Kwa hiyo kapi lifungwe mahali palipo juu zaidi kuliko tawi linalokatwa kila inapowezekana, kamba ikazwe, na vipande viwe vidogo kuliko unavyotamani.

Tawi bichi hupinda kwanza, likishikwa na nyuzi zake; kavu hukatika ghafla. Fundi hukata upande wa chini theluthi moja, kisha huja juu, akishika chenso (msumeno wa mashine) kwa mikono miwili. Unga unaotoka ukigeuka kuwa wa kahawia na laini kama kahawa iliyosagwa, asimamishe msumeno, kwa kuwa ameingia kwenye sehemu iliyooza.

Mshika kamba wa chini huizungusha mara mbili au tatu kwenye shina la mti hai ulio kando, wala haifungi kamwe mkononi au kiunoni. Kipande kikiachia, huiacha kamba ikimbie kidogo, kisha huipunguzia mwendo taratibu. Akiibana mara moja, mti wote hutikisika na fundi akiwa juu. Sauti iwe moja: fundi huuliza "Tayari?", na hakati mpaka ajibiwe. Hakuna mtu anayesogea chini ya mti hadi kipande kilale ardhini.

Linapobaki shina lililo fupi kuliko uwanja ulio wazi, fundi hushuka, na shina huvutwa kwa kamba ndefu likikatwa kutokea chini. Kamba iliyopata mshtuko mkubwa siku hiyo isitumike tena kubebea mzigo.