Komba ndani ya kichwa cha udongo kabla ya kukichoma

Ukifinyanga kichwa cha mtu kwa udongo wa mfinyanzi, tafadhali usikichome kikiwa kimejaa ndani. Udongo mnene hukauka juu huku kiini kikiwa bado kibichi, na tanuri likifika nyuzijoto 100 maji yaliyobaki hugeuka mvuke. Mvuke ukikosa njia, sanamu hupasuka, na vipande vyake huharibu hata kazi za wenzako zilizo pembeni.

Subiri udongo ukakamae kiasi: ukiubonyeza kwa kidole haubonyei, lakini kisu bado kinapita. Hapo kata utosi kwa waya mwembamba, kama mtu anayefungua dafu, kisha komba ndani kwa kijiko hadi ukuta ubaki na unene wa sentimita 2 hivi. Pua na kidevu usivisahau, maana huko ndiko udongo mwingi hujificha. Chanja kingo zote mbili, paka uji wa udongo uleule, rudisha utosi na usawazishe mshono. Shingo iache wazi kwa chini ili hewa itoke.

Kausha kivulini, polepole. Masikio yafunike kwa nailoni, kwani sehemu nyembamba hutangulia kukauka na kukatika.

Jambo jingine, na hili lifanye mapema udongo ukiwa laini: pima macho. Mahali pake ni katikati, kati ya utosi na kidevu. Wengi huyapandisha mno kwa kusahau ukubwa wa fuvu lililo juu ya paji.