Hell's Gate kwa baiskeli: kutoka njia panda ya Elsa hadi korongo la Ol Njorowa na kurudi

Hifadhi nyingi za Kenya zitakurudisha langoni ukija na baiskeli. Hell's Gate, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, inakuruhusu, na kwa barabara yenyewe hulazimiki kuwa na kiongozi. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, iliyotangazwa mwaka 1984. Tembo hakuna, lakini nyati wapo, na hilo litarudiwa chini.

Njia inayoelezwa hapa ni ya takriban kilomita 20 kwenda na kurudi. Mwendeshaji wa kawaida huimaliza kwa saa tatu hadi nne pamoja na kupumzika. Wanaoteseka kwa kawaida hawashindwi na urefu wake. Huchelewa kuanza, huchukua baiskeli bila kuikagua, na hawajui kwamba kurudi ni kupanda.

Hatua ya 1: Ielewe barabara

Kutoka mjini Naivasha panda matatu inayofuata barabara ya Moi South Lake, umwambie kondakta akushushe njia panda ya Hell's Gate. Hapo hadi lango la Elsa ni kama kilomita 2, zote za kupanda. Ukishaingia, barabara ya vumbi inapita bondeni katikati ya kuta za miamba kwa kilomita 7 hadi 8, mpaka kituo cha askari kilicho kando ya korongo.

Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo, maji yake yalifurika na kutokea hapa kuelekea kusini. Ndiyo maana bonde zima linainama upande huo. Mteremko ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni, ila miguu itauona. Ukienda utajiona bingwa. Ukirudi, jua likiwa kichwani, utashangaa nguvu zimekwenda wapi. Weka nusu ya maji yako na zaidi ya nusu ya nguvu zako kwa ajili ya kurudi.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Jumatatu hadi Ijumaa, na lango likifunguliwa saa 12 asubuhi uwe umeshafika. Wikendi na sikukuu magari ya watalii na mabasi ya shule huanza kujaa katikati ya asubuhi, na kila gari likipita linakuachia wingu la vumbi usiloweza kulikimbia. Saa mbili za kwanza ndizo barabara inakuwa yako na ya pundamilia.

Miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Siku nzuri kuliko zote ni ile iliyofuata mvua ndogo ya usiku, kwa sababu vumbi limeshikana na tairi halizami. Mvua kubwa ni habari nyingine: vumbi hili la volkano linageuka tope linaloganda kwenye breki na uma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la mbele.

Hapa ni juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi ya kutaka koti, na anayetoka Mombasa au Dar es Salaam atahema mapema. Asione aibu kutumia gia nyepesi tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Kagua baiskeli kabla ya kulipa

Za kukodi ziko njia panda na karibu na lango. Nyingi ni za milimani, zimefanya kazi sana, na kila moja ina ugonjwa wake. Tumia dakika kumi hapa, maana ndani hakuna fundi.

Breki: shika ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Rudia kwa ya nyuma. Gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Angalia raba za breki: mifereji yake ikiwa imefutika, zikatae. Kama mpini wa breki unagusa usukani, waya umelegea. Mwombe fundi aukaze palepale.

Magurudumu: inua, zungusha, tazama pengo kati ya rimu na raba. Rimu ikicheza milimita mbili tatu, vumilia. Ikigusa raba kila mzunguko, chagua nyingine. Kisha shika breki ya mbele na utikise usukani mbele na nyuma. Ukisikia "koko-koko", shingo ya uma imelegea, na kwenye mashimo itazidi kulegea.

Gia na cheni: panda, endesha mita 50 ukikanyaga kwa nguvu kwenye gia nzito, kisha nyepesi. Cheni ikiruka meno, imenyooka kwa uchakavu, na hakuna marekebisho ya pale yatakayoiponya. Gia nyepesi kabisa lazima iingie. Ukikosa zote nyingine, hiyo ndiyo ya kurudia.

Kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande mmoja. Wakodishaji huacha kiti chini kwa mazoea, na kiti cha chini ndicho kinachoua magoti kwenye ule mpando wa kurudi. Kaza bolti yake mwenyewe.

Kwa wenye baiskeli zao: tairi jembamba la lami, la milimita 25 au 28, liache nyumbani. Milimita 35 ndicho kiwango cha chini, na upana wa inchi 2 ndio starehe.

Hatua ya 4: Upepo wa tairi na vifaa vya pancha

Kosa la kawaida ni kujaza tairi mpaka liwe jiwe. Tairi gumu linachimba vumbi na kurukaruka pale barabara ilipojikunja kama bati. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2 lenye tyubu, PSI (kipimo cha nguvu ya upepo) 28 mbele na 32 nyuma zinatosha. Mzito zaidi aongeze mbili au tatu. Kama huna kipimo, bonyeza kwa kidole gumba: liingie kidogo, lisibonyee hadi kwenye rimu.

Beba tyubu mbili, pampu, viraka, gundi, msasa na vijiti vya kutolea tairi. Hakikisha vali inaingia kwenye tundu la rimu. Vali nene ya aina ya gari haiingii kwenye tundu la vali nyembamba, na pampu lazima iafikiane nayo.

Ukipata pancha, soma tundu. Tundu moja dogo ni mwiba wa mgunga: pitisha vidole taratibu ndani ya tairi mpaka uupate, la sivyo tyubu mpya itakufa baada ya dakika tano. Matundu mawili yaliyolingana maana yake rimu imebana tyubu kwenye jiwe, yaani upepo ulikuwa mdogo. Kabla ya kuketi kutengeneza, angalia kichaka kilicho nyuma yako.

Hatua ya 5: Langoni

Malipo hayapokelewi kwa pesa taslimu. Fanya kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, usiku wa jana yake, ukiwa na mtandao mzuri, na upige picha ya risiti. Beba kitambulisho, kwani bei ya mwananchi na ya mgeni hazifanani.

Maji lita 3 kwa mtu. Chakula kikae ndani ya begi lenye zipu. Pale pa kupumzikia karibu na korongo nyani na tumbili wanajua mfuko wa plastiki una nini.

Hatua ya 6: Kuendesha kwenye vumbi

Dakika chache baada ya lango utaona Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 25 hivi, na pimbi wakiota jua. Baada ya hapo vumbi laini la volkano huanza kujitokeza kwa madimbwi, mengine yamefichwa na alama za magari.

Ukiliona mbele, badili gia kuwa nyepesi kabla hujaingia, si ukiwa ndani. Sogeza uzito nyuma kidogo, legeza mikono, tazama mita 10 mbele, endelea kukanyaga. Usishike breki ya mbele na usikate kona. Wanaoanguka hapa huanguka kwa kuogopa: wanashika breki, gurudumu la mbele linazama, nao wanapita juu ya usukani. Ukihisi umekwama, shuka usukume. Mita 30 za kusukuma hazimpunguzii mtu heshima.

Katikati ya barabara, kati ya mikondo miwili ya magari, mara nyingi pako imara zaidi.

Hatua ya 7: Wanyama

Pundamilia na swala watakuangalia tu. Punguza mwendo, kwa sababu mmoja akivuka wenzake watamfuata bila kujali uko wapi. Ngiri hukurupuka kutoka kwenye nyasi ghafla.

Nyati ndiye wa kumheshimu. Kundi likiwa kando ya barabara, simama mbali na usubiri lipite, au ungoje gari na uliombe likukinge ubavuni. Usipite kamwe kati ya nyati na vichaka vya leleshwa, maana ndiko anakokusudia kukimbilia. Dume mzee aliye peke yake ni wa kuogopwa kuliko kundi. Usipige kengele wala kelele.

Hatua ya 8: Korongoni, au njia mbadala

Acha baiskeli kwa askari, uifunge. Kushuka korongoni ni kwa ruhusa yao na pamoja na kiongozi. Wakikataa, usibishane. Mwaka 2012 na tena 2019 watu walisombwa na mafuriko humo wakafa. Mvua inaweza kunyesha mbali kwenye vilima, juu yako kukiwa na jua, na kuta zile hazina pa kutokea.

Mwenye miguu imara na gia kamili anaweza kuchukua Buffalo Circuit, kama kilomita 14 kupitia vilimani. Hiyo ndiyo tulivu kuliko zote na mlima Longonot unaonekana vizuri, ila jina lake si la mapambo. Nenda wawili au zaidi.

Upande wa Olkaria kuna lami, lakini pia kuna malori ya mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini na harufu kama ya yai viza. Ukitokea lango la huko utalazimika kurudi kwa Moi South Lake, pamoja na magari ya mashamba ya maua. Kwa anayetafuta utulivu, kurudi kwa Elsa ni bora.

Hatua ya 9: Kurudi

Anza kabla ya saa 5 asubuhi. Mchana upepo huingia bondeni, na magari yanakuwa mengi. Kula kitu kidogo kabla ya kuondoka, kaa kwenye gia nyepesi, kunywa kila baada ya dakika 15. Cheni ikianza kulia, ifute kwa kitambaa kikavu. Kuongeza oili juu ya vumbi ni kutengeneza msasa. Kutoka lango la Elsa hadi njia panda ni kuteremka, kwa hiyo jaribu breki zote mbili langoni kabla hujaliachia.