Namna ya kupiga ilimba na zeze na bendi ya umeme jukwaani bila kuua ladha ya Kigogo

Wengi wakitaka kuchanganya muziki wa Kigogo, yaani wa Wagogo wa Dodoma, na gitaa, besi na kinanda wanaanza kwa kuigongagonga ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) mpaka ifuate kinanda, alafu wanashangaa mbona wimbo umepoa. Mimi nafanya kinyume, bendi ndo inafuata ilimba, na kila kitu hapa chini kimesimama kwenye hilo.

Hatua ya 1: ijue ilimba yako
Chukua programu ya tyuna kwenye simu, ile inayoonyesha senti (nusu toni moja ina senti 100), piga chuma kimoja kimoja uandike pembeni. Utaona namba hazilingani na kinanda, na siyo kwamba mzee aliyeitengeneza kakosea, hapana, skeli ya Kigogo inafuata hamoniki, yaani zile sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya noti moja. Ndo maana ile tatu, yaani noti ya tatu kuhesabu kutoka ya msingi, inakaa kama senti 14 chini ya tatu ya kinanda, na saba inashuka kama senti 31 chini ya saba ndogo ya kinanda, hiyo ni karibu theluthi ya nusu toni, hata asiyesoma muziki anaisikia. Tano inapishana na kinanda kwa senti 2 tu, hiyo haina shida na ndo mlango wetu wa kupitia.

Hatua ya 2: gawa kazi
Kwanza wote mshuke au mpande mpaka noti ya msingi ya ilimba. Ikisoma senti 20 chini ya G, basi gitaa, besi na kinanda vyote vinashuka senti 20. Besi akae kwenye msingi na tano. Gitaa asipige kodi nzima (noti nyingi kwa mpigo), nyuzi mbili tatu zinatosha, tatu na saba awaachie ilimba, zeze na waimbaji maana wao ndo wanazijua zinakaa wapi. Kinanda kikiwa na sehemu ya kubadili tyuni ya noti moja moja, shusha hizo mbili, kama hakina kipige msingi na tano tu na kiridhike.

Hatua ya 3: kukamata sauti (hapa tulia)
Ilimba bandika pikapu ya piezo (kidude kinachonasa mtetemo wa mbao) chini ya ubao, isogeze sogeze mpaka vyuma vyote vitoke sawa. Lakini piezo inasikia mbao tu, ule mtetemo wa utando wa buibui kwenye tundu unatoka kwa hewa, kwa hiyo weka na maiki ya kawaida ikiangalia tundu, upana wa vidole vinne hivi. Piezo ipitie kwenye priampu au DI (kisanduku cha kuunganisha ala na mikisa) yenye impidansi kubwa, megaohmu 1 kwenda juu, ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa sauti ya chini inapotea na inabaki nyembamba kama redio mbovu. Ukishafungua zote mbili bonyeza kitufe cha fezi (kinachogeuza wimbi la sauti) kwenye chaneli moja, acha upande ambao sauti imejaa.

Na fundi mitambo akisikia ule mkwaruzo wa utando wa buibui atadhani ni waya mbovu ataukata, ongea naye mapema kwa heshima, "Kaka, huo mkwaruzo ndo ala yenyewe, naomba usiuguse."

Zeze ina kibuyu, na kibuyu kinapenda kupiga mluzi na monita, ile spika ya jukwaani ya mpigaji kujisikia. Monita isikielekee kibuyu moja kwa moja, tumia maiki ndogo ya kubana kwenye ala yenyewe, kata sauti za chini kabisa alafu tafuta ile noti moja inayolia uishushe hiyo peke yake bila kugusa za jirani.

Ngoma za muheme akina mama wanazibana katikati ya miguu na wanacheza nazo, stendi zitawakwaza, tumia maiki za kubana. Mpiga dramu apunguze kiki (dramu kubwa ya mguu), abaki haiheti na rimu, sauti za chini tayari zina wenyewe, muheme na besi. Njuga weka maiki moja tu ya sakafuni. Na maiki nzuri ya kuongoza isiende kwa mwanaume kwa mazoea, waangalie Zawose Queens, Pendo na Leah, mtoto na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, wanaimba mbele wenyewe na inapendeza sana.

Hatua ya 4: kliki
Usiweke kliki, ule mdundo wa mashine wa kushika mwendo. Wimbo unakimbia kidogo wachezaji wakipandisha, acha ukimbie. Kama kuna sempo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa), mpiga dramu azipige mwenyewe kwenye pedi, laptop isiongoze watu.

Hatua ya 5: ruhusa
Nyimbo za jando na za matambiko siyo zako kupeleka kwenye tamasha. Waulize wazee kabla ya mazoezi, wakisema hapana chagua nyingine, za kufurahisha ziko nyingi mno.

Hatua ya 6: saundi cheki
Mafundi wengi wanaanza na kiki, waombe waanze na ilimba, kisha sauti za watu, zeze, muheme, alafu besi, gitaa na kinanda mwisho. Ngozi za muheme zipashwe moto kabla, siyo mkiwa mmeshapanda. Na ilimba ikizama katikati ya shoo usikimbilie kuipandisha, itapiga mluzi, shusha gitaa na kinanda kwanza, mara nyingi hapo hapo inarudi.