Petroli au dizeli? Nihesabie kilomita zako kwanza

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alikuja gereji kwangu hapa Makambako na picha ya Prado kwenye simu. "Fundi, nimeambiwa hii ya dizeli hailambi mafuta. Nitume hela?" Nikamuuliza anakaa wapi na shule iko wapi. Kilomita nane. Jumamosi sokoni, Jumapili kanisani, Desemba nyumbani Songea. Basi. Nikachana kipande cha boksi la filta, tukapiga hesabu. Hesabu hiyo ndiyo nataka na wewe uipige kabla dalali hajakupigia ya kwake.

Mwalimu anatembea kama kilomita 500 kwa mwezi. Prado ya petroli, injini ya 2.7, tuipe kilomita 7 kwa lita. Ya dizeli ya 3.0 tuipe 10. Petroli atanunua lita 71, dizeli lita 50. Lita tuifanye 3,000 kwa zote mbili, maana bei zake zinafukuzana: EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wakitoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuna mwezi dizeli ndiyo inakuwa juu. Anaokoa 63,000 kwa mwezi, kwa mwaka laki saba na nusu na chenji. Lakini ile Prado ya dizeli ilikuwa imemzidi mwenzake wa petroli milioni sita bei ya kununulia. Miaka minane anarudisha tofauti tu, na hapo hajanunua hata nozeli moja, kile kifaa cha kunyunyizia mafuta ndani ya injini.

Sasa chukua jirani yangu wa viazi. Kilomita 4,000 kwa mwezi, lumbesa nyuma, leo Mbeya kesho Iringa. Hesabu ileile, kwake inatoka tofauti ya zaidi ya laki tano kila mwezi. Milioni sita zake zinarudi ndani ya mwaka. Huyo hata asiniulize, achukue dizeli.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kilomita. La pili ni mzigo, na hapo inabidi ujue kidogo kinachoendelea chini ya boneti.

Petroli inawashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto mno, kisha inanyunyiziwa mafuta humo humo, yanawaka yenyewe. Petroli ya kawaida inabana hewa mara 10 hivi, dizeli mara 16 hadi 22. Ndiyo maana chuma chake ni kizito, na ndiyo maana ina nguvu ikiwa inazunguka polepole. Panda mlima Kitonga na mzigo utaelewa: dizeli inajivuta na gia ya chini bila kelele nyingi, wakati petroli ndogo imekanyagwa mpaka mwisho, inalia, na mshale wa mafuta unashuka ukiuona.

Ila nguvu hiyo ina bili yake. Kwenye dizeli za kisasa, zile Toyota zilizoandikwa D-4D na wenzake, nozeli inasukuma mafuta kwa presha inayozidi ba 1,300. Tairi lako lina ba 2 na ushee. Sindano inayofanya kazi kwenye presha hiyo haitaki mchanga, haitaki maji, haitaki mafuta ya kidumu yaliyokaa juani nyuma ya duka. Mafuta yakichanganywa na maji, nozeli nne zinakwenda pamoja, na kwa bei ya nne mpya nimeona watu wazima wakikaa chini kwenye tairi. Kama unaishi kijijini ambako mafuta yanauzwa kwa kidumu, na bado unataka dizeli, tafuta zile injini za Toyota za zamani zenye pampu isiyo na kompyuta: 1HZ, 5L, 3L. Zinavuma kama mashine ya kusaga, lakini zinasamehe, na fundi wa kuzifungua yupo kila wilaya.

Halafu kuna kosa la watu wa mjini. Dizeli za miaka ya karibuni zina chujio la masizi kwenye eksozi. Likijaa, gari linayachoma yale masizi lenyewe, lakini linahitaji joto, na joto linapatikana njiani kwenye mwendo, si kwenye kilomita tatu za kumpeleka mtoto shule. Ukilikatiza kila siku kabla halijamaliza, mafuta ya dizeli yanachuruzika kwenye oili. Ukiona oili inapanda kwenye kijiti badala ya kushuka, usifurahi kwamba injini haili oili. Mwaga, weka mpya, kisha jiulize kama gari hilo na maisha yako vinaendana.

Sasa umeamua dizeli. Nenda kaliangalie alfajiri, na jambo la kwanza shika boneti. Likiwa la moto, kunywa chai, rudi kesho.

Nasema hivi kwa sababu mwaka 2015 nilinunua Surf ya dizeli, injini ya 1KZ, pale Morogoro saa saba mchana. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa, linang'aa. Nikazungusha ufunguo, likawaka hata sijamaliza kuzungusha. Mimi, fundi, mtu ninayelipwa kuwakagulia wengine, sikugusa boneti wala sikufungua rejeta. Nikahesabu hela, nikashika njia ya nyumbani. Katikati ya kona za Kitonga mshale wa joto ukaanza kupanda kama mtu anayepanda ngazi: unapanda, unasimama, unapanda. Nikaegesha nyuma ya lori lililokwama, nikalala humo humo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nikafungua mfuniko wa rejeta na kuwasha. Maji yakatoa mapovu mfululizo, kama chungu cha maharage. Hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa imepasuka kati ya valvu mbili. Muuzaji hakunidanganya. Sikumuuliza.

Kwa hiyo: rejeta ikiwa baridi, fungua, washa, tazama. Mapovu mawili matatu ya mwanzo ni hewa tu. Yasipoisha, ondoka.

Kabla ya kuwasha, fungua suichi ya kwanza uone taa yenye mchoro wa springi. Iwake, izime, ndipo upige stata. Asubuhi ya Juni huku kwetu injini ikitetemeka kidogo na kutoa moshi mweupe sekunde chache, isamehe. Ikiendelea kwa dakika, ama plagi za kupasha, zile za taa ya springi, zimekufa, ama injini imechoka kubana. Ikishapata moto, mwambie mtu akanyage: moshi mweusi unaobaki hewani ni nozeli au filta ya hewa, wa bluu ni oili inaungua. Kisha aachie mafuta, injini ikiwa bado inaunguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili, uugeuze juu chini na kuuweka juu ya tundu lake. Ukitikisika kidogo, sawa. Ukirushwa, ringi za pistoni zimekwisha, hata mwenye gari aape kwa mama yake. Oili nyeusi isikutishe, ya dizeli inakuwa nyeusi wiki ileile uliyobadilisha.

Chini ya filta ya dizeli kuna kiskurubu. Kilegeze, kinga kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na utaona kwa macho yako gari limekuwa likinyweshwa nini. Mwisho, uliza mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, ulibadilishwa lini. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT inayowaka kila kilomita laki moja au laki na nusu, na kuizima bila kubadilisha mkanda ni kazi ya dakika chache. Taka risiti, au punguza bei ya mkanda hapo hapo. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo tunazungumza injini nyingine.

Petroli haina mambo mengi. Sikiliza isikose mpigo, chungulia plagi, angalia chini ya mfuniko wa oili kama kuna ute mweusi, pima kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Injini ya 1NZ ya kwenye IST na Premio inatumia cheni badala ya mkanda, na spea zake unazipata mpaka gulioni.

Mwalimu aliiacha ile Prado ikafutika kwenye simu, akachukua RAV4 ya petroli. Juzi kapita na ndoo ya parachichi, uso umemshuka. Kijana wa sheli alisoma "D-4" kwenye gari, akachomoa mpira wa dizeli, na kama asingepiga kelele angejaziwa tenki. Nikamweleza: D-4 ni petroli, D-4D ndiyo dizeli, na siku akijaziwa vibaya asiguse ufunguo hata kwa redio, anipigie tulisukume na kumwaga tenki lilipo. Nikampa kipande cha tepu nyeupe. Akaandika PETROLI kwa mwandiko wa ubaoni, akakibandika ndani ya kifuniko cha tenki, akakipapasa mara mbili kisishike vumbi.