Kansa ya ovari imerudi? Panga tarehe za kemo kabla hujaingia kwa daktari

Juzi kaja mama wa Likoni na bintiye, kikapu kimejaa makaratasi. Daktari akauliza, "Mama, dawa ya mwisho uliwekewa lini?" Wakabaki kutazamana. Tulikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, basi naandika hapa nisije nikarudia.

1. Kusanya karatasi zote, zipange kwa tarehe.

2. Nunua kaunta buku. Mambo ya kuandika kwenye simu mimi siyataki, simu yaibiwa feri na daktari hana muda wa kuskroli.

3. Tafuta tarehe ya PLATINAMU ya mwisho, yaani dawa za kemo kama karboplatini na sisiplatini. Hapa ndo tulipopotelea. Kawaida mtu huanza na karboplatini na paklitakseli (hii sio platinamu) pamoja, kila wiki 3, mara 6. Wewe unatafuta siku karboplatini (au sisiplatini) ilipoingia mara ya mwisho, sio siku ya operesheni, sio siku mlioambiwa mmemaliza, wala sio dripu ya mwisho kama ilikuwa dawa nyingine! Huyu mama raundi ya 6 alipewa paklitakseli peke yake manake chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeshuka, binti akahesabu kutoka hiyo ya 6 mpaka skani ilipoonyesha imerudi akapata miezi 5 na wiki 2, kumbe ukianzia ya 5 ni miezi 6 na kitu. Na tofauti ni kubwa, chini ya miezi 6 kansa huitwa sugu kwa platinamu, ikifika 6 kwenda juu daktari aweza kuirudia ileile. Lakini miezi 6 sio ukuta, yeye ataangalia na mengine.

4. Tia jibu la kipimo cha BRCA (jeni zinazosaidia seli kurekebisha DNA yake) kama lipo. Platinamu huharibu DNA ya seli, na seli yenye kasoro ya BRCA haiwezi kujirekebisha vizuri, yafa. Shida ni zile chache zinazopona: nyingine zina pampu ya kutema paklitakseli nje, nyingine glutathioni yao (kemikali iliyomo ndani ya seli) huinasa platinamu kabla haijafika kwenye DNA, na nyingine hupata badiliko jipya BRCA ikaanza tena kufanya kazi. Hizo ndo huzaana. Kwa hivyo jamani msimwambie mgonjwa eti mwili wake umezoea dawa kwa sababu alikula pweza.

5. CA-125 (kipimo cha damu cha kufuatilia kansa hii): namba, tarehe, maabara. Kawaida ni chini ya 35, ila hata faibroidi huipandisha. Pima maabara moja, usirukeruke.

6. Fotokopi mbili, moja ibaki nyumbani.